Mwalimu wa mwaka 1650: Kunakili sura ya Juan de Pareja kwa rangi za maji

Tarehe 19 Machi 1650, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, wasanii wa Roma walitundika kazi zao Pantheon, hekalu la kale lililogeuzwa kanisa. Miongoni mwazo ilikuwamo picha ya mtu mwenye asili ya Afrika, mwenye nywele nzito na ndevu, kola pana nyeupe shingoni na joho lililozungushwa mwilini, akimkazia mtazamaji macho kama mtu anayejua thamani yake. Aliyeichora ni Diego Velázquez, mchoraji wa mfalme wa Hispania, aliyekuwa Italia kwa shughuli za bwana wake. Aliyechorwa ni Juan de Pareja, mtumwa wa Velázquez na msaidizi wake katika karakana ya uchoraji. Antonio Palomino, aliyechapisha habari za maisha ya wachoraji wa Hispania mwaka 1724, anasimulia kwamba waliohudhuria waliziona kazi nyingine zote kuwa ni picha tu, na hii peke yake ndiyo wakaiona kuwa kweli.

Picha hiyo, yenye ukubwa wa sm 81.3 kwa 69.9, sasa iko Metropolitan Museum of Art, New York. Mwaka 1970 iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 2.3, ikawa mchoro wa kwanza kuvuka pauni milioni moja mnadani. Kuitazama, hata hivyo, hakugharimu kitu. Tangu mwaka 2017 jumba hilo limeweka mtandaoni picha za kazi zake zisizo na hakimiliki, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzipakua na kuzitumia bila malipo. Aliye na simu Kisumu au Morogoro anaweza kuikuza sura ya Pareja mpaka aone brashi ilipopita.

Kwa anayetaka kujifunza kuchora sura za watu kwa rangi za maji, ni vigumu kupata mwalimu bora kuliko picha hii. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuinakili, kuanzia ununuzi wa karatasi hadi mguso wa mwisho.

Faida ya kunakili

Anayechora mtu hai hubeba mizigo mitatu kwa mpigo: kuona, kuamua na kupaka. Mtu anageuza shingo, jua linahama dirishani, rangi inakauka kabla uamuzi haujafikiwa. Picha ya kale humpunguzia mwanafunzi mzigo mmoja. Velázquez ameshaamua kipi kionekane na kipi kizame gizani, ukingo upi uwe mkali na upi uyeyuke. Kinachobaki ni kuufuata uamuzi wake hatua kwa hatua na kujiuliza kila mara: kwa nini hapa pana giza, na pale pameachwa wazi?

Ndivyo walivyosoma mabingwa wenyewe. Peter Paul Rubens alipofika Madrid mwaka 1628, akiwa tayari mchoraji mashuhuri Ulaya nzima, alitumia muda wake mwingi kunakili kazi za Titian zilizokuwa katika hazina ya mfalme. Mwaka 1879 kijana John Singer Sargent alikwenda katika jumba la Prado, Madrid, kunakili kazi za Velázquez. Baadaye akawa mmoja wa mabingwa wa rangi za maji, hata Brooklyn Museum ikanunua kazi zake 83 za rangi hizo kwa mkupuo mmoja mwaka 1909. Jumba la Louvre, Paris, limekuwa likipokea wanakili tangu lilipofunguliwa mwaka 1793, na hadi leo linawapa vibali kwa sharti kwamba nakala isiwe na ukubwa sawa na picha halisi. Huku kwetu, wanafunzi wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuuza picha zake Oysterbay, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, walijifunza vivyo hivyo: kukaa karibu na fundi, kuiga mkono wake, kisha kila mmoja kutafuta njia yake.

Lipo swali la haki. Picha ya Velázquez ilichorwa kwa rangi za mafuta. Ya nini basi kuinakili kwa rangi za maji? Sababu ni kwamba kubadili rangi kunamlazimisha mwanafunzi kufikiri. Mchoraji wa mafuta anaweza kuanzia gizani, kisha akaongeza mwanga mwishoni kwa rangi nyeupe nzito. Rangi za maji huenda kinyume: mwanga ni weupe wa karatasi yenyewe, na ukishafunikwa si rahisi kurudi. Huwezi kufuata mkono wa Velázquez kama kipofu. Huna budi kuupanga upya mpangilio wake wote, kuanzia penye mwanga kwenda penye kivuli, na kupanga huko ndiko kujifunza.

Sababu nyingine ya kumchagua Pareja ni ngozi yake. Vitabu vingi vya mafunzo ya rangi za maji hueleza namna ya kupata ngozi ya waridi ya Mzungu, na msomaji wa Afrika Mashariki huachwa na mrija mmoja wa rangi ya kahawia anaoupaka uso mzima. Velázquez anaonyesha jinsi ngozi ya kahawia inavyobeba rangi nyingi: manjano penye mwanga, wekundu mashavuni, kijivu kinapoanza kivuli.

Vifaa

Ukiwa na pesa kidogo, zitumie kwenye karatasi. Tafuta karatasi ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, ya pamba ikiwezekana, yenye uso wenye chengachenga kidogo. Nyepesi kuliko hapo hujikunja ikilowa, na ya kawaida ya printa, yenye gramu 80, huchubuka brashi inapopita mara ya pili. Karatasi kubwa ya sm 56 kwa 76 hutoa vipande vinne vya sm 28 kwa 38, na kila kimoja kinatosha zoezi hili. Kibandike kipande chako kwenye ubao kwa tepu ya karatasi pande zote nne.

Wakazi wa Pwani wana adui wa ziada: unyevu. Karatasi ikikaa wazi Mombasa au Zanzibar kwa miezi mingi, gundi iliyotiwa kiwandani ili kuzuia maji yasinywewe haraka huharibika, na rangi huzama kwa madoa yasiyofutika. Ihifadhi katika chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana.

Brashi tatu za mviringo zenye ncha zinatosha: namba 10, namba 6 na namba 2. Za nyuzi za kiwandani zinafaa kabisa. Unaponunua, ichovye brashi majini na kuikung'uta. Ncha ikirudi kuwa moja, inunue, na ikipasuka mbili, iache dukani. Ongeza makopo mawili ya maji, moja la kusuuzia na moja la maji safi ya kuchanganyia. Sahani nyeupe ya kauri ya kuchanganyia rangi. Kitambaa cha pamba. Penseli ya HB. Na kifutio laini kinachofinyangika.

Rangi ziwe nne tu. Majina hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini mirija mingi huandikwa alama ya pigimenti iliyomo, na hiyo ndiyo ya kufuata. Ya kwanza ni oka ya manjano, PY43. Ya pili ni nyekundu ya udongo wenye chuma, PR101. Ya tatu ni siena iliyochomwa, ambayo ni hudhurungi yenye wekundu. Mara nyingi huandikwa PBr7, ingawa baadhi ya kampuni huitengeneza kwa PR101. Ya nne ni buluu ya ultramarini, PB29. Tatu kati ya hizi ni rangi za udongo, jamaa wa zile alizozitegemea Velázquez mwenyewe, na zote nne hustahimili mwanga bila kupauka miaka nenda miaka rudi. Nyeusi na nyeupe ziache. Siena na ultramarini zikichanganywa nzito hutoa giza linalokaribia weusi, lenye uhai kuliko nyeusi ya mrija.

Kabla ya kugusa karatasi nzuri

Pakua picha, kisha ikate ibaki kichwa, kola na sehemu ndogo ya mabega. Joho na mkono viache kwa siku nyingine. Chapisha kipande hicho kwa ukubwa wa sm 15 kwa 18. Chapisha pia nakala ya pili isiyo na rangi. Simu yoyote inaweza kuibadilisha picha kuwa ya weusi na weupe.

Nakala isiyo na rangi ndiyo itakayokufundisha toni, yaani kiwango cha mwanga au giza cha kila sehemu. Chora mstari wa vyumba vitano kwenye karatasi ya majaribio. Cha kwanza kibaki cheupe, cha tano kiwe giza kabisa uwezalo kulitengeneza, na vitatu vya katikati vipande ngazi sawasawa. Weka mstari huo kando ya picha, fumba macho nusu, na upe kila sehemu namba yake. Kola itapata 1. Nywele na vivuli vya mavazi ya mabegani vitapata 5. Sehemu inayong'aa ya paji la uso ndiyo huwashangaza wengi: wakiitazama peke yake huiona nyeupe, lakini ikiwekwa karibu na kola huonekana wazi kuwa imeshuka ngazi. Weupe wa macho umeshuka zaidi.

Kisha chora picha ndogo, yenye ukubwa wa kiganja, kwa siena na ultramarini zilizochanganywa kuwa rangi moja, bila pua wala midomo: mabaka ya mwanga na giza peke yake. Ukiitazama kutoka upande wa pili wa chumba na kutambua kwamba ni kichwa cha mtu kilichoangazwa kutoka upande mmoja, umeelewa mpangilio wa Velázquez. Usipoona hivyo, rudia. Ni zoezi la nusu saa linaloweza kuokoa kazi ya siku mbili.

Zoezi la mwisho la matayarisho ni la kuchanganya. Tengeneza jedwali la mabaka tisa: oka na nyekundu katika viwango vitatu, siena na ultramarini katika viwango vitatu, na siena, nyekundu na buluu kidogo katika viwango vitatu. Yaache yakauke kabisa kabla ya kuyahukumu. Rangi za maji hupauka zikikauka, na anayeanza karibu kila mara hupaka hafifu mno kwa kudanganywa na ung'avu wa rangi mbichi.

Mchoro wa penseli

Uchore kwanza kwenye karatasi ya kawaida, kwa sababu karatasi ya rangi za maji haipendi kufutwafutwa. Gawa picha iliyochapishwa kwa miraba ya sm 3. Utapata mitano kwenda kando na sita kwenda chini. Kwenye karatasi ya kuchorea weka idadi ileile ya miraba, ila ya sm 4. Mchoro wako utakuwa sm 20 kwa 24, umekua kwa theluthi moja.

Anza na umbo zima la kichwa pamoja na nywele, kisha mstari wa macho, chini ya pua na mwanya wa midomo. Mistari hii mitatu ikikaa sawa, mengine hufuata. Uso umegeuka kidogo, kwa hiyo upande mmoja ni mwembamba kuliko mwingine, na jicho la upande huo ni fupi. Mkono wa mwanafunzi hutaka kuyafanya macho yalingane; uzuie. Chora pia mipaka ya vivuli kwa mstari mwepesi: pale mwanga wa paji unapokoma, kivuli cha pua, kivuli chini ya mdomo wa chini.

Ukimaliza, geuza picha zote mbili juu chini na kuzilinganisha. Ubongo ukiacha kutambua uso, makosa ya vipimo hujitokeza yenyewe. Njia nyingine ni kuzitazama kwenye kioo.

Kuhamisha mchoro ni kazi rahisi. Paka penseli nyuma ya karatasi, iweke juu ya karatasi ya rangi za maji, kisha pitia mistari kwa kalamu isiyokandamizwa sana. Miraba haihamishwi. Mistari ikitokea mizito, igonge kwa kifutio laini mpaka ibaki inaonekana kwa shida.

Tabaka kwa tabaka

Walimu wa rangi za maji hupima uzito wa rangi kwa vinywaji: nyepesi kama chai ya rangi, ya kati kama maziwa, nzito kama mtindi. Picha hii hutembea kwa mpangilio huohuo, kuanzia chai kwenda mtindi.

Tabaka la kwanza ni chai. Changanya oka na nyekundu kidogo, kwa wingi wa kutosha ili usiishiwe katikati. Kwa brashi namba 10 paka uso mzima na shingo kwa mwendo mmoja kutoka juu kwenda chini, ubao ukiwa umeinuliwa kidogo ili maji yateremke. Pita juu ya macho na midomo kana kwamba havipo. Acha kavu sehemu mbili tu: kola, na doa dogo linalong'aa zaidi kwenye paji. Rangi ikiwa bado mbichi, dondoshea nyekundu kidogo mashavuni, puani na masikioni, damu inapokaribia ngozi. Sasa simama na uache ikauke. Nairobi wakati wa kiangazi itachukua dakika chache; Dar es Salaam mwezi Aprili huenda ikahitaji nusu saa au mashine ya kukaushia nywele. Gusa kwa mgongo wa kidole: karatasi ikiwa na ubaridi, bado ina maji.

Tabaka la pili ni maziwa, na ndilo litakaloamua kama picha itasimama. Changanya siena na nyekundu kidogo, ongeza ultramarini mpaka wekundu utulie. Paka vivuli vyote vya uso kama umbo moja lililoungana: upande wa uso ulio mbali na mwanga, mashimo ya macho, chini ya pua, chini ya midomo, shingo. Usivichore kimoja kimoja. Velázquez aliviunganisha, na ndiyo maana kichwa chake kinaonekana kizima hata ukikitazama kutoka mbali. Ukingo wa kivuli unapokutana na mwanga hutofautiana: chini ya pua ni mkali, shavuni ni laini. Pa kulainisha, osha brashi, ikaushe kidogo kwenye kitambaa, kisha ipitishe kwenye ukingo kabla haujakauka. Pa kuacha mkali, usiguse.

Hapa ngozi ya kahawia inadai mambo mawili. La kwanza ni ujasiri: tabaka hili lazima liwe zito kuliko unavyodhani, la sivyo Pareja atatoka mgonjwa. La pili ni uangalifu na mng'ao. Ngozi inapong'aa kwenye paji na ncha ya pua huakisi mwanga wenyewe, kwa hiyo mng'ao hubeba rangi ya mwanga unaoingia, na mara nyingi huwa baridi kuliko ngozi inayouzunguka. Doa lililoachwa kavu lipakwe ultramarini hafifu sana, karibu na maji matupu. Mng'ao utatulia mahali pake bila kuonekana kama chokaa.

Tabaka la tatu huleta nyuso ndogo za sura. Kwa brashi namba 6 zidisha giza katika pembe za macho, mianzi ya pua na mwanya wa midomo. Mdomo wa juu kwa kawaida una giza kuliko wa chini kwa sababu unaelekea chini na kukosa mwanga. Weupe wa macho upake kijivu chepesi cha siena na ultramarini, ukiukoleza juu, kope zinapoangusha kivuli. Mboni iwe duara lililokatwa na kope la juu. Ikionekana duara zima, mtu ataonekana ameshtuka. Nyusi ni mguso mmoja au miwili, wala si nywele moja moja.

Kisha nywele na mandhari ya nyuma, ambavyo hupakwa pamoja. Lowanisha eneo la nyuma kwa maji safi, mwaga kijivu cha kati chenye oka kidogo, na kabla hakijakauka weka nywele kwa mchanganyiko wa mtindi wa siena na ultramarini. Mahali fulani giza la nywele litatiririka kwenye kijivu. Liache. Nywele za Pareja hazikukatwa kwa mkasi. Mipaka yake huyeyuka hewani, na rangi za maji hulifanya jambo hili kwa urahisi kuliko mafuta. Upande mmoja au pande mbili tu, penye paji na sikio, ndipo pa kuweka ukingo ulio wazi.

Kola imebaki. Velázquez aliimaliza kwa miguso michache ya haraka. Ukisogea karibu unaona michirizi, ukirudi nyuma unaona lesi. Wewe huna rangi nyeupe ya kuipaka, kwa hiyo utaichora kwa vivuli vyake: kijivu cha buluu mikunjoni, joto la oka ngozi inapoakisi chini ya kidevu, na matundu machache ya lesi kwa ncha ya namba 2. Karatasi ndiyo itakayokuwa kitambaa. Paka mavazi ya mabegani kwa rangi nzito ya kijanikijivu, oka na ultramarini zenye siena kidogo, na weupe wa kola utaruka mbele.

Tazama mstari wako wa toni kwa mara ya mwisho. Giza la namba 5 likikosekana popote, ongeza. Kisha weka brashi chini.

Pale inapoharibika

Uso ukigeuka tope, chanzo karibu kila mara ni kimoja kati ya viwili: rangi zimechanganywa nyingi mno, au brashi imerudi juu ya tabaka lililokuwa nusu bichi na kulikoroga. Dawa ni kuacha ikauke kabisa kisha kupitisha tabaka moja jembamba la siena juu yake, bila kusugua.

Madoa yenye kingo zilizochanuka kama maua hutokea maji mapya yanapoangukia rangi inayoanza kukauka. Katika nywele au nyuma yapuuze, huenda yakapendeza. Shavuni, lowanisha eneo kwa brashi safi, subiri kidogo, kisha lifute kwa kitambaa kwa kugonga. Oka na rangi nyingine za udongo huinuka karatasini kwa urahisi kiasi, na hiyo ni faida nyingine ya kuzichagua.

Uso ukiwa bapa kama noti iliyochapishwa vibaya, piga picha ya nakala yako kwa simu, ondoa rangi, na uilinganishe na ile ya Velázquez. Utakuta toni zako zote zimerundikana katika namba 2 na 3. Rudi kwenye vivuli. Sura isipofanana kabisa na Pareja, usianze kwa kulaumu rangi: pima upya umbali kati ya macho na pua, kwa sababu milimita chache hapo humgeuza mtu kuwa ndugu yake.

Nakala ikikamilika, andika nyuma yake jina lako, tarehe, na kwamba imenakiliwa kutoka kwa Velázquez. Saini yake usiiige. Kazi za kale kama hii ni huru kunakiliwa hata kuuzwa, mradi mnunuzi ajue anachonunua. Kazi za wasanii walio hai au waliofariki karibuni ni jambo jingine. Sheria ya Kenya, kwa mfano, huilinda kazi ya sanaa maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuzinakili nyumbani kwa mazoezi na kuziuza sokoni ni mambo mawili yasiyolingana.

Kutoka nakala hadi mtu hai

Wapo wanaohofia kwamba kunakili huua mkono wa mtu. Habari za Pareja mwenyewe zinaonyesha vingine. Novemba 1650, huko Roma, Velázquez alitia saini hati ya kumpa uhuru, uliotimia miaka minne baadaye. Pareja akafanya kazi kama mchoraji huru Madrid. Kazi yake iliyo maarufu zaidi, Wito wa Mtakatifu Mathayo ya mwaka 1661, ipo Prado: turubai kubwa, yenye watu wengi na rangi nyingi zinazong'aa, isiyofanana na utulivu wa kijivu wa bwana wake wa zamani. Upande wa kushoto kabisa amejichora mwenyewe, amesimama na karatasi yenye saini yake mkononi. Miaka yote aliyokaa karakanani kwa Velázquez haikumzuia kuchagua njia nyingine.

Kwa hiyo usiishie kwenye nakala moja. Wiki inayofuata chora kichwa kilekile bila miraba, kwa muda usiozidi saa moja, karatasi ikiwa nusu ya ile ya kwanza. Nakala hii ya pili haitafanana sana na picha halisi, lakini mkono utakuwa mwepesi zaidi, kwa sababu maamuzi umeshayajua. Mara ya tatu chora kwa kumbukumbu mabaka ya mwanga na giza, kisha ufungue picha ukague ulichosahau.

Baada ya hapo mtafute mtu wa kukaa. Rafiki, mama, jirani, yeyote mwenye subira. Mkalishe karibu na dirisha moja, uzime taa zote za ndani, ili mwanga umpige upande mmoja kama ulivyompiga Pareja; nyuma yake tundika shuka la kijivu au kanga iliyogeuzwa upande usiokolea rangi. Mvishe kitu cheupe shingoni, upate kipimo chako cha namba 1. Tumia rangi zilezile nne, mstari uleule wa toni na brashi zilezile tatu. Mpe mapumziko kila baada ya dakika 20, ukiwa umeweka alama ya tepu sakafuni miguu yake ilipokuwa. Kikao cha kwanza kitumie kwa mchoro wa penseli na picha ndogo ya toni peke yake. Tabaka la kwanza lisubiri kikao cha pili, saa ileile ya siku, jua likiwa limerudi upande uleule wa dirisha.